Mtani Niliyemfuta

Jumapili, jioni. Upepo wa kipupwe, vumbi mpaka kwenye meno.

Kabla hujaendelea nakuomba jambo moja: kila neno utakalolikuta hapa liishie kwako. Usilitume kwenye kundi lolote, usimsomee rafiki, na kama unafanya kazi katika ofisi yoyote ya hapa Tabora, tafadhali funga ukurasa huu uendelee na mambo yako. Jina langu sijaliandika. Jina la ofisi sijaliandika. Majina mengine nimeyabadilisha. Bado naogopa.

Mimi ni karani wa masjala. Napokea mafaili, nayapanga, nayatoa yakiombwa. Mkataba wangu ni wa muda na unakaribia kwisha. Anayependekeza kama niendelee au nisiendelee ni mkuu wa kitengo chetu, ambaye hapa nitamwita Mama Mihayo. Ni mtu wa haki, lakini hapendi mtumishi mwenye shughuli ya pembeni. Mwenzetu mmoja alikuwa akipiga picha za harusi mwisho wa wiki. Mama alimwita, wala hakupandisha sauti. Alimwambia tu, "Mwanangu, naona kamera yako ina kazi nyingi, na sisi tunaichelewesha." Haikupita muda, kwenye kiti chake akakaa mtu mwingine.

Nami nina shughuli ya pembeni.

Najifunza uhandisi wa sauti katika studio ya Kaka Shija, huku Ipuli. Mambo ya mwanzo, ya kupanga maikrofoni na kurekodi kwaya, nimeshayapita. Sasa niko kwenye sehemu ngumu, ya kuokoa sauti zilizorekodiwa vibaya: harusi iliyopigwa na upepo, mahubiri yenye jenereta ndani yake, mtoto anayelia juu ya kiapo. Siimbi wala sipigi chombo. Napenda tu kukaa mahali ambapo watu wengine wanasikika na mimi sisikiki.

Niliichagua Ipuli kwa sababu Mama Mihayo anakaa Chemchem. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimwona kupitia dirishani akishuka kwenye bajaji, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Sikufikiri. Niliingia kwenye chumba cha kurekodia, kile kidogo chenye magodoro ukutani, nikakaa sakafuni chini ya kioo. Ukiwa mle ndani husikii chochote kutoka upande wa pili. Kimejengwa kwa kazi hiyo. Nilipoinua kichwa kidogo niliona mdomo wake ukicheza na Kaka Shija akiitikia kwa kichwa. Ofisini tulijua amefiwa na baba yake; tulikuwa tumempa pole. Sikujua mzigo aliokuja nao.

Alipoondoka nilitoka, gauni limenilowa mgongoni.

"Amezika kijijini, njia ya Nzega," Kaka Shija aliniambia. "Mama yao hakufika makaburini, yuko kitandani Chemchem kwa huyu bintiye, amevunjika nyonga. Anataka asikie mumewe alivyozikwa. Mjukuu alirekodi kwa simu, kelele tupu. Isafishe, maneno yasikike."

"Ameniona?"

"Ungetoka ukamwamkia. Hali watu yule."

"Wewe humjui."

"Na wewe utamjua lini, ukiwa chini ya dirisha?"

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Sasa naona kwamba kama ningetoka siku ile, Mama angeniambia mwenyewe alichokuwa akikitaka, na haya yote yasingekuwepo.

Kazi niliifanya jioni za wiki, nikitoka masjala. Niieleze ilivyo, maana makosa yangu yamo humo.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta unaweza kuitazama kama picha. Maneno ya mchungaji na ya mdogo wa marehemu aliyesoma wasifu yalikaa chini kwa mistari iliyotulia, kama barua iliyochapwa vizuri. Juu yake ulitanda upepo, kama ukungu. Na hapa na pale palikuwa na madoa: milipuko ya sauti kutoka mbali, mtu akipayuka, watu wakiguna na kucheka. Nilisikiliza mara moja, juu juu. Nikasema moyoni, msiba haukosi mlevi. Kisha nikapunguza sauti, nikaendelea kwa macho. Karani akiona doa kwenye karatasi hulifuta. Nilimfuta yule mtu doa moja baada ya jingine, kwa uangalifu mkubwa, na nilipomaliza, picha ilikuwa safi kiasi kwamba niliona fahari.

Kaka Shija ana kanuni anayoirudia mpaka inachosha: kabla hujatoa kazi, sikiliza ulichokiondoa. Programu inakuruhusu. Unabonyeza, na badala ya sauti iliyosafishwa unasikia takataka peke yake. Kama kwenye takataka kuna kitu kinachopumua, umekata nyama.

Sikubonyeza. Nilitaka kazi itoke mikononi mwangu kabla Mama hajaifuata, nisije nikakutana naye mlangoni.

Aliichukua katikati ya wiki. Kesho yake ofisini hakumsemesha mtu. Alisaini nilichompelekea bila kuuliza swali, na Mama Mihayo huuliza swali hata kwenye barua ya likizo. Nilirudi mezani kwangu nikiwa na hofu isiyo na jina.

Jana akarudi studio.

Nami nikarudi sakafuni. Safari hii Kaka Shija alifanya jambo ambalo bado sijaamua kama nimsamehe. Kwenye meza yake kuna kitufe cha kuongea na mwimbaji aliye chumbani. Alikibonyeza akakiacha hivyo. Vifaa vya masikioni vilivyoning'inia juu yangu vikaanza kunong'ona. Nikavivuta, nikavaa.

"...hajala vizuri tangu asikie," Mama alikuwa akisema. "Anatuambia tumemzika baba kama mtu aliyeokotwa relini. Anauliza, watani walikuwa wapi? Mzee Pazi alikuwa wapi? Namwambia alikuwepo, mama, alilala mpaka ndani ya kaburi. Anasema msinidanganye kwa sababu siwezi kusimama. Mbona hasikiki?"

Kwa msomaji asiye wa huku: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakishuka na mizigo mpaka pwani. Ukifiwa, mtani wako anakuja kuharibu msiba. Anavaa koti la marehemu, anamwiga alivyotembea, anamtukana mbele ya wanawe, na ni mwiko kumkasirikia. Mtu aliyezikwa kimya, bila mtani kumsumbua, ni mtu aliyeishi vibaya na watu, au asiye na watu kabisa. Mzee Pazi ni Mzaramo aliyekuja Tabora na kazi ya reli, akastaafu, hakurudi kwao. Alikuwa mtani wa baba yake Mama Mihayo ujana wao wote.

Hayo yote nayajua. Nimezaliwa hapa. Nimeona mtani akidai jeneza lifunguliwe amrudishie marehemu kiatu. Sikuwa mgeni wa mila. Nilikuwa tu na macho kwenye picha.

"Hiyo ya kwenye simu mpeni asikilize hivyo hivyo," alisema Kaka Shija.

"Simu ilijaa, kijana ameshafuta. Na hata ilipokuwepo, upepo ulikuwa mwingi, Mzee Pazi humpati vizuri. Ndiyo maana nilileta kwenu."

Kupitia vile vifaa nilimsikia akivuta pumzi. Nilijua nakala halisi ninayo, maana sijawahi kutupa nakala maishani mwangu. Nilijua pia kwamba Kaka Shija hajui nilifuta nini wala wapi. Mwenye kujua nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa chini ya dirisha.

Nikafikiria mkataba. Nikamfikiria bibi kitandani, anayeamini mumewe hakuwa na watu.

Nilitoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akaitika, kabla hajatambua anamwitikia nani. Kisha akanitazama kwa namna anavyotazama faili lililokutwa kwenye kabati lisilo lake.

"Ni mimi niliyemwondoa Mzee Pazi," nikasema. "Nilidhani ni mlevi."

Kaka Shija akasogeza kiti, mimi nikakaa kwenye kompyuta kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nikafungua nakala halisi. Nikabonyeza kile nilichopaswa kubonyeza siku ile.

Mchungaji akatoweka. Wasifu ukatoweka. Kwenye spika ukabaki upepo, na ndani ya upepo mzee mmoja, sauti ikitoka chini kama iko shimoni. Ilikuwa shimoni.

"Ninyi si ndio wapagazi? Mlibeba pembe za watu mpaka Bagamoyo. Leo mzee mmoja, tena mkavu, mnahema hivyo?"

"Toka humo, Mzaramo. Mwenye nyumba amefika," mtu akamjibu kutoka juu.

"Angoje. Mimi nimemngoja pale stesheni maisha yangu yote, kila siku ananiambia nakuja, nakuja. Kwanza hili shimo refu mno. Mnyamwezi huyu urefu wake ulikuwa wa maneno tu."

Watu wakacheka. Katikati yao kikasikika kicheko cha mwanamke, cha juu, kilichoanza vizuri kisha kikavunjika kikawa kitu kingine. Nilikifahamu hicho kicheko ingawa sikuwahi kukisikia. Ofisini hakipo. Sikugeuza kichwa. Nilitazama skrini, ambako palikuwa na doa dogo la mviringo, zuri, nililokuwa nimelifuta la kwanza.

"Rudisha," alisema Mama nyuma yangu.

Nikarudisha. Alikisikiliza tena, na tena. Kisha akavuta kiti chake karibu na changu, akaweka mkoba chini.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Nilitenga upepo na mzee, safari hii kwa masikio, macho nimeyafumba. Tatizo lililofuata lilikuwa mahali pa kumweka. Ukimpandisha sana anammeza mchungaji. Ukimshusha anakuwa tena mlevi wa mbali. Sikuwepo makaburini, sikujua. Mama alikuwepo.

"Bado. Alikuwa karibu kuliko hapo. Sisi tulisimama huku, yeye alikuwa kushoto, miguuni petu."

Nikamsogeza kushoto, nikamwongezea uzito wa udongo kidogo.

"Hapo. Sasa mchungaji amnyamazie kidogo. Mchungaji mwenyewe alinyamaza, alikuwa anajizuia asicheke."

Nimesoma kuhusu nafasi ya sauti na nikafanya mazoezi mengi, lakini nilikuwa naweka gitaa huku na ngoma kule kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Jana niliwapanga watu walioizunguka maiti. Nadhani ndiyo kazi yenyewe.

Kicheko chake nilikishusha, nikidhani ndiyo heshima. Alinigusa begani.

"Hicho kiache. Mama atanijua."

Alipoondoka aliifunga flashi niliyomwekea sauti kwenye kona ya kanga, akaaga. Kuhusu studio hakusema kitu. Kuhusu mkataba hakusema kitu. Mlangoni tu alisimama kidogo. "Kesho kutwa, kabla hujafungua masjala, upite kwangu."

Ndiyo maneno yote.

Leo mchana Kaka Shija amenionyesha ujumbe aliotumiwa. Bibi amesikiliza mpaka mwisho. Ameagiza Mzee Pazi aitwe Chemchem, kwa sababu kuna mambo amesema kuhusu urefu wa mume wake ambayo hayawezi kupita bila kujibiwa. Ameomba na uji.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Halafu nimepiga pasi gauni la kazini, nikalitundika.

Huenda kesho nikaambiwa studio yangu ina kazi nyingi. Najiuliza nikiambiwa hivyo nitajibu nini. Najua tu kwamba siwezi tena kusema sikuonekana. Na ile siri niliyokuomba mwanzoni, nikiiangalia sasa, si yangu sana. Mimi nimeshatoka chumbani. Ninachokuomba ukitunze ni kile kicheko. Ni cha mtu aliyezika baba yake, na kesho ana ofisi ya kuongoza.

Ukinihitaji, usinitafute kazini na usiniulizie kwa jina. Njoo Ipuli siku ya Jumamosi mchana, uulizie studio yenye pazia la kitenge cha bluu. Usigonge mlango, ndani hatusikii. Zunguka upande wa dirisha upunge mkono. Nitakuwa kwenye kiti, utaniona. Kama unaleta sauti ya mtu wako, ilete na upepo wake, na vikohozi, na mbwa wanaobweka, na yule mtu anayepayuka mbali usiyemjua. Usifute kitu njiani. Nitakuuliza kwanza kila mmoja alisimama wapi.