Usimalize Kiatu

Jumanne, 9 Aprili

Miguu inawaka moto. Duka letu la muda limefunguliwa leo hapa mtaa wa Seongsu, kwenye jengo lililokuwa karakana ya viatu. Foleni mpaka kona! Na sikuuza hata jozi moja. Nilikuwa nimeanza kumpima mteja mguu, mara meneja wetu, Se-bin, akanivuta pembeni, akaniita kwa jina la ukoo: Mama Pyo, hapa hatuuzi. Watu waje, wapige picha, waende wakilitaja jina la kampuni. Anayetaka kiatu ataagiza kwa simu.

Mie niliyezeekea kwenye kuuza viatu! Haya. Nikasimama, nikatabasamu.

Na ile lugha yetu ya madukani! Heshima ya mteja imetuzidi mpaka tunaviheshimu na viatu. "Mheshimiwa, viatu vyako vimewasili, vinaomba kupokelewa." Nimeyasema mwenyewe leo, bila kucheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Se-bin anatafuta fundi wa kukaa meza ya mbele agonge nyundo. Pambo tu. Nikamtaja mume wangu, Baba Su-rim, fundi viatu, kabla sijafikiri.

Tangu karakana yao ifungwe, Baba Su-rim amelala kaugeukia ukuta. Nilipomwambia, akauliza kitu kimoja: nitatengeneza viatu? Nikajibu ndiyo.

Ijumaa, 12 Aprili

Kaja! Kanyoa ndevu, kavaa aproni yake ya zamani. Vijana wakamzunguka na simu zao. Mchana kiatu kilishashika umbo, naye alikuwa anapiga mluzi — mluzi! Ndipo Se-bin akamwendea, kichwa kimeinama, adabu tele: Fundi, naomba usimalize. Ukimaliza, kesho watapiga picha ya nini?

Jioni kang'oa misumari yote. Nikajifanya napanga rafu.

Jumatano, 17 Aprili

Kiatu kilekile. Anashona asubuhi, anafumua jioni. Ngozi imejaa matundu. Se-bin si mtu mbaya, anamletea kahawa, anamwita Mwalimu.

Wakati wa kurudi nikamtania: pale dukani viatu vina heshima kuliko sisi. Zamani angenikemea, "Domo hilo, we mwanamke!" Leo kaendelea kutembea tu. Nimemtoa ukutani nikamweka dirishani, basi. Naona aibu.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Selfi. Nimechoka.

Jumatano, 24 Aprili

Makao makuu wanashangilia, picha za fundi zimeenea kila mahali. Lakini duka linabomolewa Jumatatu, kama ilivyopangwa. Litakuja la marashi. Nikamwambia Baba Su-rim, ili asisikie kwa mwingine. Akaniuliza: na meza? Nikasema itatupwa.

Hakula. Kalala mapema, kaugeukia ukuta. Mungu wangu, nikimrudisha ukutani safari hii, nani atamwamsha?

Jumapili, 28 Aprili

Siku ya mwisho. Naandika stoo, nimeegemea maboksi. Yote matupu, ni ya picha.

Sasa hivi kaingia bibi mmoja na mfuko wa sokoni, majani ya vitunguu yamechomoza. Foleni hata hakuiona! Vijana wakampisha. Akaenda moja kwa moja mezani: "Fundi, unashona? Mguu wangu huu hakuna kiatu kinachoukubali." Akavua. Kifundo cha kidole gumba kimetokeza kama tangawizi.

Simu zote juu. Baba Su-rim akakisukuma pembeni kile kiatu chenye matundu. Akatandaza karatasi sakafuni, akapiga magoti, akashika kisigino cha bibi, akaanza kuchora.

"Alhamisi, bibi," kasema. "Njoo ujaribu hapahapa."

Alhamisi! Kesho duka linabomolewa, na anajua. Nilimwambia mwenyewe!

Se-bin akanisogelea, macho yamemwiva. Mama Pyo, mwambie bibi ukweli, mimi siwezi. Nikawaza: kweli, kumwambia ni kazi yangu, wateja ni wangu. Nikasema naenda stoo kuleta futi. Futi ninayo mfukoni.

Niseme nini? Mheshimiwa, viatu vyako vinaomba radhi?

Nasikia bibi anacheka huko nje. Se-bin ananiita, polepole, kwa adabu. Na sasa Baba Su-rim — kwa sauti ile ya karakana, sijaisikia tangu wafunge:

"We mwanamke! Umelala huko? Njoo umvue bibi kiatu cha pili!"