Maharage ya Darasa la Pili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Binti yako ameota meno ya mbele; akicheka utadhani sungura.

Darasani kwangu tumepanda maharage kwenye makopo. Yanayomwagiliwa maji ya mvua yamestawi, lakini ya kisima kipya cha shule yamekauka yote. Nilipomwonyesha mwalimu mkuu akacheka: "Mbegu mbovu hizo, Mwalimu. Yang'oe kabla wageni wa kuzindua kisima hawajafika."

Sikuyang'oa. Nilimkataza binti yako maji ya kisima, nikawa namjazia chupa bombani hapa nyumbani. Wenzake wanaendelea kunywa, nami nimetulia kama maji mtungini. Naogopa kufukuzwa kazi, dada, nisikufiche.

Leo kaja na kopo lake, machozi yanamlengalenga. Mche wake nao umekauka.

"Uliumwagilia ya kisima?"

"Hapana, Mama Mdogo. Kila siku naupa ya chupa yangu."

Njoo umchukue, usingoje likizo. Amekaa hapa mezani kaninunia, maana nimempokonya kikombe cha chai na sijamwambia kwa nini.

Mdogo wako