Mpira wa Baiskeli Ndani ya Filta

Jumatatu, 4 Machi
Petroli tena! Harufu ilinipata kabla sijafika katikati ya maji. Walimu ninaowavusha kwenda shuleni wamejiziba pua. Mwalimu mkuu akauliza kama boti hii inakunywa mafuta au inaoga. Nikacheka. Hamu ya kucheka sikuwa nayo.

Boti ni yetu wawili, mimi na kaka. Baba alituachia. Mimi nashika usukani, yeye ni fundi – Injinia, ndivyo wanavyomwita, na anavimba kichwa. Wiki iliyopita aliifungua injini kuisafisha. Kabla ya hapo hakukuwa na harufu. Nimemwambia. Eti mimi najaza tangi mpaka mdomoni. Miaka sita najaza tangi, leo ndiyo nimesahau!

Jumanne, 5 Machi
Kaka ameniondoa kwenye usukani. Mbele ya abiria! Nipumzike mpaka Jumamosi, tutaongea kwa mama. Kwa sasa ataendesha yeye, baadaye atamweka rafiki yake. Na hata kifuniko cha injini hajakigusa!

Nimerudi nyumbani nikaosha sufuria zote, chafu na safi. Kazi yangu ni hiyo boti. Sina nyingine. Kesho injini naifungua mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Nimefika gatini kabla yake. Nimepangusa kila kitu chini ya kifuniko mpaka kikakauka: mpira wa mafuta, viungio, filta, kabureta. Nikanyunyiza poda ya watoto kote. Kisha nikaminya pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, nikakodoa macho.

Mpira – mkavu. Viungio – vikavu. Kabureta – kavu, na mimi nilikuwa nimeapa ni kabureta. Halafu poda chini ya kikombe cha filta ikaanza kuwa kijivu. Tone. Tone lingine.

Nimekifungua. Mahali pa oringi, ile pete ya kuziba kikombe, pana duara la mpira wa ndani wa baiskeli, limekatwa kwa mkasi! Petroli imelivimbisha, linanata vidoleni kama bazoka iliyotafunwa. Mpira ule na petroli haviivi chungu kimoja, hata anayeanza ufundi leo anajua. Na oringi yenyewe? Ipo. Imelala chini ya kabureta, nzima, nyeupe kwa poda yangu. Aliidondosha, akaona uvivu kuiokota!

Nimeondoka na vyote, pamoja na kikombe cha filta. Boti haiendi popote. Jumamosi nitaviweka mezani kwa mama, tuone nani hajui kazi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempelekea mama habari mapema, nikiwa na raha yangu yote. Akakaa kitandani. Akaniomba Jumamosi ninyamaze.

"Kaka yako haoni vitu vidogo, mwanangu. Tangu mwaka jana. Anapapasa tu."

Kaka alimwapisha mama asiniambie. Na kuniondoa kwenye boti? Eti nilikuwa namsogelea mno akifanya kazi, alijua nitamgundua.

Nimempandishia mama sauti. Sijawahi. Nimemwambia Jumanne kaka amevusha walimu kumi na wawili, injini inavuja, na wewe ulijua! Akasema vya mbali kaka bado anaviona. Nimeubamiza mlango. Nina hasira na mama, nina hasira na kaka, na nina hasira kwamba nimemlilia mtu aliyenitukanisha hadharani.

Jumamosi, 9 Machi
Kikao kwa mama ni saa nane. Nimemkuta kaka kwenye boti, peke yake. Sijamwambia ninachojua. Nimemrudishia kikombe cha filta, kisha oringi nikaiweka mbele yake, juu ya benchi, mbao imepauka kabisa, oringi nyeusi tii. Nimeshaisafisha. Nikamwambia aifunge yeye, si ndiye Injinia.

Nimekaa mbele yake, daftari pajani. Anapapasa benchi. Kichwa hainui. Mkono umepita juu, umepita chini. Anapiga mluzi kama mtu asiye na haraka.

Nataka aseme. Neno moja tu! Akisema, nafunga mwenyewe na usukani tutaongea kistaarabu. Asiposema, saa nane namwaga yote.

Ameacha mluzi.

"Dada, hujaiweka hapa. Umeisahau nyumbani. Wewe siku hizi unasahau kila kitu."

Iko kando ya kidole chake kidogo.