Wasifu wa Bibi ulioandikwa na simu

Shamsa, uko wapi? Tusekile karudi kutoka kumzika bibi yake kule kijijini Ikombe. Yuko hapa kwangu, hataki hata chai.

Si unamjua kaka yake, Godwin? Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Akaiachia akili mnemba ya simu iandike! Kasimama mbele ya jeneza anasoma: "Alikuwa mjasiriamali mbunifu aliyependa kusafiri."

Kusafiri! Bibi aliyefinyanga vyungu maisha yake yote, hata mtumbwi alipanda siku za kuvipeleka sokoni tu. KUSAFIRI!

Na chungu hakikutajwa hata kimoja. Wafinyanzi wenzake wamekaa pale mbele, wanatazamana. Tusekile anasema alitamani ardhi ipasuke.

Ila kilichommaliza kabisa si hicho. Baada ya kuzika kamfuata Godwin amseme. Akakuta mjomba wao Asajile, mtoto wa kuzaa wa huyo huyo marehemu, ameshamtangulia, kamshika Godwin bega kwa furaha:

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, umeandika vizuri mno. Hebu nitumie na mimi. Mama mkwe wangu naye hali yake si nzuri."