Swali la Shamba na Wana Watatu

Jumatatu, 3 Machi 1952

"Vijana hawa hukariri, hawafikiri." Maneno ya mkaguzi wa bomani. Mwalimu mkuu ametusomea ripoti yake asubuhi, chai mkononi.

Uongo. Nafundisha hesabu miaka kumi na minane. Hakuna aliyefika darasa la kumi kwa kukariri aljebra.

Anataka aljebra na jometri zifutwe, vipindi hivyo viwe vya bustani. Bila hesabu hakuna kijana wetu atakayepokelewa chuo chochote. Kamati ya shule itapiga kura Jumatatu ijayo. Nimesahihisha madaftari kwa hasira. Moja limechanika.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipata karatasi za mtihani wake. Darasa zima limeanguka katika swali moja. Mtu amekufa, ameacha shamba la ekari ishirini na nne kwa wanawe watatu. Kila mmoja atapata ngapi?

Mkaguzi anataka nane. Vijana wameandika kumi na mbili, nane, nne. Wengine kumi na sita, nne, nne. Wino mwekundu juu ya zote.

Nilimwuliza Rwegasira, anayeongoza darasa, kwa nini hakugawa sawa.

"Waitu, bwana mwalimu, na omusika je? Mrithi mkuu alingane na kitindamimba?"

Mwingine akadakia kutoka nyuma: "Labda kwao Ulaya hakuna kaka!" Darasa likaangua kicheko.

Swali halikusema sawa. Na walivyolifanya! Mdogo x, wa kati 2x, omusika 3x. Wakajumlisha, wakaitafuta x. Mkaguzi aliuliza kugawanya, akajibiwa kwa mlinganyo. Hakuutambua. Mjinga mwenye kalamu nyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Bomani. Sikupewa kiti. Mkaguzi akasema hesabu haina kabila. Nikamjibu hesabu haina, ila swali lake linalo, tena limevaa kofia ya jua. Hakucheka. Ripoti haibadiliki. Kamati ikiikataa, atakubali. Anajua kamati ni wazee wanaomwogopa, ingawa wana wao wamo darasani humo.

Nimetembea kutoka Bilele hadi Rwamishenye nikigomba peke yangu. Watu wamenipisha.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike ukweli. Mwenyekiti wa kamati ni kaka yangu. Akinyoosha mkono, wenzake hunyoosha. Hatujasemezana miaka sita.

Yeye ndiye omusika. Kibanja cha baba kule Muleba, migomba na mibuni, ni chake. Mimi wa tatu nilipata ukingo wa mawe. Nikaandika gazetini kwamba mila hii ni wizi. Bado ni wizi. Na leo natetea majibu yaliyosimama juu yake. Inanichoma.

Jumamosi, 8 Machi

Muleba, kwa lori. Kaka mlangoni.

"Aa, mwandishi! Umekuja kupima mpaka?"

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya kibanja, nikaziweka karatasi mkekani. Hakunipa hata punje ya kahawa ya kutafuna. Mgeni yeyote hupewa.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kwenye kumi na sita, nne, nne akacheka. "Huyu baba yake mkali." Akarudi juu, akafuata ile x mpaka mwisho. Akaniuliza 2x imetoka wapi. Nikamweleza. Akauliza tena.

Ndipo akamwita mkewe alete kahawa.

Hakuniahidi kura. Alisema wenzake hawatamwamini, watasema anambeba ndugu. "Andika wewe. Nitawapelekea kesho jioni, pamoja na karatasi."

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu ibada. Hasira imepungua, sijui kwa nini. Nimeandika mara nne, nikakata matusi yote. Nimempa dereva wa lori ampelekee kaka. Kilichobaki ni hiki:

Wajumbe wa kamati. Kesho kila mmoja, kabla hujanyoosha mkono, chukua karatasi ya mwanao. Ifuate mstari kwa mstari hadi chini. Ukikwama, mwite mwanao akufundishe. Ndipo upige kura.