Chura Aliyehesabiwa Mara Mbili

Point, Durban,
Afrika Kusini.
Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa kaka Tito,

Shikamoo kaka, na wifi Tusekile naye nimpe shikamoo yake hapo hapo ulipoketi. Naomba barua hii ikukute karibu na moto, maana Julai ya Tukuyu naijua, ule ukungu unaoingia mpaka ndani ya blanketi. Goti linaendeleaje? Wifi aliniambia daktari kakukataza kupanda miti, na wewe wiki ile ile ukaonekana juu ya mparachichi. Tafadhali kaka. Wachumaji wapo, walipe wachume, wewe simama chini uwagombeze.

Mimi mzima. Vidole vinakaza kidogo asubuhi, ndiyo kazi ya kusuka, na mwezi huu hapa upepo ni mkali. Mnayoyasikia redioni kuhusu wageni yasiwanyime raha. Mimi na mwenye saluni, yule mama wa Kikongo anayeitwa Immaculée, tunatoka pamoja na tunaingia pamoja, na jioni mapema huwa nimeshafunga mlango wangu. Nakwambia usiwe na wasiwasi, na mwenyewe ninao, lakini hayo tuyaache.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Usikasirike, unajua ni kweli. Barua anakuletea Dulla, jirani yangu anayefanya biashara ya nguo, anakuja Mbeya kwa basi. Mpe chai na asiondoke na njaa.

Jambo lenyewe ni lile uliloniagiza mwezi wa tatu. Ulisema nimwambie Atuganile arudi nyumbani, kwamba umeshamwombea nafasi ya ualimu kwa mwalimu mkuu, na kwamba mtoto wa miaka ishirini na saba hawezi kumalizia ujana wake Ujerumani akihesabu vyura. Sikukujibu. Haikuwa dharau, kaka. Nilikuwa naogopa kwamba umesema kweli, na kwamba aliyemharibia mwanangu masomo ni mimi mwenyewe. Sasa nakueleza yote, na jibu lako limo humu humu.

Wenzetu wa Ulaya wana sheria moja ya nchi zao nyingi kwa pamoja, ya tangu mwaka 1992, Atu hajazaliwa. Wameandika ndani yake majina ya wanyama na mimea ambayo hawataki ipotee. Mahali inapoishi panawekwa alama, na anayetaka kujenga au kukata hapo lazima kwanza aonyeshe kwamba hataimaliza. Sasa kuna chura mmoja mdogo tu, urefu wa kidole gumba, mgongo rangi ya tope, ukimgeuza tumbo ni la njano lenye mabaka meusi. Jina lake limo kwenye sheria. Anapenda vidimbwi vya maji visivyo na kivuli, hata vile vya alama za matairi.

Kazi ya Atu ilikuwa kuangalia kama hiyo sheria inamsaidia yule chura kweli, au imekaa kwenye karatasi tu. Akapewa sehemu mbili, zote ziko chini ya sheria. Moja ni msitu wenye uzio na kibao, gari haliingii. Nyingine ni machimbo ya mawe, malori yanapita kila siku.

Utauliza, kama mimi nilivyouliza, chura anahesabiwaje na yeye haketi mahali pamoja. Unamkamata, unamweka kwenye kiboksi cha plastiki kinachopitisha mwanga, unampiga picha ya tumbo kwa chini, unamwachia aende zake. Mabaka ya tumbo kila mmoja ana yake, hayafanani, kama alama za vidole vyetu zisivyofanana. Halafu kompyuta inalinganisha picha zote ili asihesabiwe mmoja mara mbili.

Mwaka jana majira yao ya joto yote, kila jioni, alikuwa ananitumia zile picha kwenye simu. Ananiandikia, mama, hawa ndio wateja wangu wa leo. Mtoto alikuwa mpweke kule, nami nikawa nazitunza zote. Saluni ikipoa nakaa nazitazama. Immaculée alikuwa ananicheka mpaka anashika kiti.

“Mama Atu, ile saa yote weye unatazama tumbo ya chura. Batakulipa?”

“Wewe tazama tamthilia zako.”

“Eish, mie naona batu bazuri. Weye unaona bachura.”

Mara ya kwanza nilitazama kwa mapenzi tu. Lakini kaka, mimi nimesuka miaka kumi na tisa. Mteja anaketi mbele yangu na kunipa mgongo, sura yake siioni. Ninachokijua ni kisogo: nywele zinaanzia wapi, zinazungukaje, alama ya kuungua iko upande gani. Mtu akirudi baada ya miaka miwili na jina jipya la ndoa, akiinamisha kichwa tu namjua. Basi mwezi wa pili mwaka huu nikamwona mmoja wa msituni, amepigwa picha kichwa chini miguu juu, na tope kwenye ubavu. Nikasema moyoni, huyu nimeshamwona. Nikarudi nyuma, nikampata, wa mwezi mzima kabla yake.

Siku mbili nilikaa kimya. Mimi ni nani, darasa la nne la Tukuyu, niikosoe kompyuta ya Mjerumani? Na Atu alikuwa ameshapeleka kitabu chake chuoni, alikuwa anangoja tu siku ya kuhojiwa na walimu apewe shahada. Na kitabu kilikuwa kinasema mazuri: msituni vyura arobaini na mmoja, wakati miaka sita iliyopita walikuwa thelathini. Maana yake sheria inafanya kazi, kila mtu afurahi. Nikaona nikinyamaza hakuna atakayejua. Halafu nikaona nitajua mimi.

Nikampigia.

“Atu, wa tarehe nne Juni na wa tarehe tano Julai, wa msituni, ni mtu mmoja.”

“Mama, hao ni vyura.”

“Ni mtu mmoja, nakwambia. Geuza picha.”

Akageuza. Kaka, yalikuwa mabaka yale yale.

Basi akarudia picha zote kwa macho yake, moja moja, wiki tatu, na mwenzake wa chuo akazirudia baada yake. Machimboni karibu wote walikuwa sawa, hamsini na wanane wakawa hamsini na sita, bado wengi kuliko miaka sita iliyopita. Lakini kule msituni kivuli kilikuwa kingi, picha za giza, zimejaa tope, na kompyuta ilikuwa imempitisha chura mmoja kama wawili, mwingine kama watatu. Arobaini na mmoja wakabaki ishirini na wanne. Wamepungua, hawakuongezeka. Kitabu kizima kilikuwa kinasema kinyume.

Alikwenda mwenyewe kwa profesa wake akamwambia. Profesa hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alimwambia nakupa mpaka mwisho wa Juni uandike upya, ukishindwa nafasi yako inakwisha, na kibali cha kukaa nchini kinakwisha nayo. Ndipo ujumbe wako wa mwalimu mkuu uliponifikia. Unaelewa sasa kwa nini sikukujibu? Nilikuwa nasuka huku nimetazama ukutani. Immaculée alininyang'anya kitana siku moja, akasema ninawavuta wateja nywele kama ninang'oa mihogo.

Kumbe kule kuandika upya ndiko kulikomfumbua macho. Alijiuliza, sheria ni ile ile, chura ni yule yule, kwa nini machimboni wameongezeka na msituni wamepungua? Akaenda kuuliza watu. Machimboni, sheria ilimzuia mwenye machimbo asilifukie shimo na kujenga juu yake, na ikamtaka kila mwaka majira ya joto yakianza achimbe vidimbwi vipya. Kuna mzee mmoja dereva wa trekta anaifanya kazi hiyo, haachi mwaka hata mmoja. Msituni waliweka uzio, wakaweka kibao, wakaenda nyumbani. Miti ikakua, kivuli kikafunika, vidimbwi vikajaa majani na kukauka. Hakuna aliyevunja sheria hata kidogo. Chura amekufa taratibu ndani ya ulinzi.

Kwa hiyo Atu hakuandika kwamba sheria haifai. Nilimuuliza hilo, akasema hapana mama, bila sheria machimbo yangekuwa nyumba za watu leo. Aliandika kwamba sheria inaweza kumzuia mtu asiharibu, lakini haiwezi kushika jembe. Mahali palipo na mtu wa kushika jembe na mtu wa kurudi kuhesabu, inafanya kazi. Pasipo na mtu, ni kibao.

Tarehe 24 Juni alisimama mbele ya walimu watano. Mmoja mwenye ndevu akamuuliza, wewe ulikosea hesabu ya kwanza, tuiamini vipi ya pili? Atu akasema kosa la kwanza sikuligundua mimi, lilionwa na mama yangu kwenye simu, na baada yake kila picha imetazamwa na watu wawili. Yule wa ndevu akauliza, mama yako ni mtaalamu wa nini?

“Wa nywele.”

Anasema walicheka, lakini si kicheko cha kudharau. Halafu wakamtoa nje, wakakaa, wakamwita. Kaka, amepita. Na si hivyo tu. Wenye msitu wamesoma kitabu, mwaka ujao uzio utafunguliwa trekta liingie, na Atu amepewa miaka mitatu mingine awe anahesabu sehemu zote mbili, aone kama watarudi.

Habari ilipofika nilikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa. Immaculée alimwambia yule dada angoje, mama huyu amezaa leo.

Basi jibu langu ni hili. Atu harudi sasa. Mwalimu mkuu mshukuru sana kwa niaba yangu, ile nafasi ampe mtoto wa mwingine, wako wengi wanaoihitaji. Naogopa bado. Naogopa baridi ya kule, naogopa atakula nini, naogopa atazeeka peke yake kando ya dimbwi. Lakini sitamwita.

Na jambo la mwisho, usinune. Wifi aliniambia kwamba kanisani unawaambia watu Atu anasomea udaktari wa hospitali. Najua ulifanya kwa kumpenda, neno chura ni gumu kulitamka mbele ya mchungaji. Kuanzia sasa usiwaambie hivyo. Sema anahesabu vyura, na akikosea anasema.

Nisalimie wifi Tusekile, jirani yenu mama Lusajo, ambaye naye ana goti lake, na watoto wote hapo nyumbani. Immaculée anawasalimu ingawa hamjuani. Mungu alitunze paa lenu na walio chini yake, na akushushe kwenye ule mparachichi salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponikatiza,

Rhoda
(Mama Atuganile)