Kigololi Hakikumbuki

9 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nilikuandikia Februari kukuuliza hali, umejibu juzi mistari mitatu. Haya, mradi umejibu. Unasema unachezesha ruleti kwenye kasino. Ruleti ndiyo nini? Fundi saa mzima naulizwa na majirani, nabaki kukohoa.

Baba yako

15 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, hofu kwako. Ruleti ni gurudumu la vichumba thelathini na saba. Namba moja hadi thelathini na sita ni nyekundu na nyeusi, sifuri ni kijani. Watu wanaweka vidude vya plastiki, ndizo pesa zao, juu ya kitambaa chenye namba. Nazungusha gurudumu huku, kigololi nakirusha kule. Kikianza kulegea nasema, "Basi, hakuna kuweka tena." Kichumba kinapotua ndiyo namba iliyoshinda: aliyepata namba analipwa thelathini na tano kwa moja, aliyepata rangi, sawa na alichoweka. Ikija sifuri, wa rangi wote wamekosa, na hapo ndipo kasino inapokula.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Nimejitengenezea gurudumu kwa sahani ya saa mbovu. Sasa niambie: nyekundu ikija mara kumi, ya kumi na moja si lazima iwe nyeusi?

Baba yako

8 Julai

Baba, shikamoo.

Hapana! Kigololi hakikumbuki kilikotoka. Kila mzunguko ni mpya. Wateja nao hawataki kulisikia hili, wanakaa na vikaratasi vyao wakipiga hesabu. Usiwe kama wao.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,

Nilielewa tangu barua ya kwanza. Nikikuuliza hali yako, unakaa miezi minne. Nikikuuliza ruleti, wiki haiishi umeshajibu. Basi nikawa najifanya mjinga. Huku nyumba ni kubwa tangu mama yako atutoke. Nazungusha sahani yangu mezani, nasema "hakuna kuweka tena," na hakuna mtu.

Hukuja kumzika. Sikugombezi. Nataka tu kujua una nini.

Baba yako

30 Oktoba

Baba,

Barua hii nimeichana mara nne.

Siku ile msimamizi aliniinamia sikioni nikiwa mezani, akaniambia mama amefariki. Mwenzangu alishafika kunipokea meza. Nikamwambia ngoja nimalize zamu. Niliona nikiendelea kuzungusha, bado haijawa kweli. Nikazungusha saa tatu nzima, nalipa watu, natabasamu. Nilipotoka, nikaona aibu kukutazama usoni. Kesho yake sikusafiri, wala keshokutwa. Mpaka leo.

Meza yangu hujaa watu, Baba, na hakuna hata mmoja anayenitazama. Wote macho kwenye gurudumu. Chumbani naongea na sufuria.

Mimi si mzima. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Jumamosi napanda basi la asubuhi. Sijamlilia mama bado, na siwezi kumlilia peke yangu.

Mwanao